Ganzi ya Miguu Isisingiziwe Mboga



Kuna neno linalopita mdomo kwa mdomo katika mashamba yetu ya Borabu, nalo nimelisikia hata kwenye kituo cha kupimia majani chai. Neno lenyewe ni hili: ya kuwa mchicha, spinachi, nderema na nduma zina sumu iitwayo oksaleti, na ya kuwa sumu hiyo huua mishipa ya fahamu, yaani neva, mpaka mtu akapata ganzi ya miguu na nyayo zikawa zinamchoma kama zimepakwa pilipili. Mama mmoja aliniambia amekwisha kung'oa mchicha wote nyuma ya jiko lake, kwa sababu miguu ya mzee wake imekufa ganzi.

Nilimsikitikia mama huyo. Alifanya kwa mapenzi, lakini alimfukuza asiye na kosa, na mwenye kosa akabaki ndani ya nyumba.

Mimi nasema neno hilo la oksaleti ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli yaweza kudhuru kuliko uwongo mzima, maana uwongo mzima hugunduliwa upesi. Kweli oksaleti imo katika mboga hizo. Kweli kuna watu ambao neva zao zimeharibiwa na oksaleti, na madaktari wameandika habari zao. Lakini mtu mwenye mafigo mazima hapati ganzi kwa kula mchicha uliopikwa jikoni kwake. Akikaa kuushtaki mchicha, hatautafuta ugonjwa wenyewe, na ugonjwa hautamngoja. Tena nitaonyesha ya kuwa kitu kinachotulinda na oksaleti tunacho zizini kila asubuhi, ila sisi tunakiuza chote.

OKSALETI NI KITU GANI

Oksaleti ni chumvi ya asidi ambayo mimea huitengeneza yenyewe. Haikutiwa na kampuni ya mbegu wala haikuletwa na mbolea. Mtu yeyote aliyewahi kula nduma isiyoiva vizuri anaijua, hata kama hakujua jina lake. Ule mwasho wa koo hutokana na vijiti vidogo sana vya oksaleti, vyenye ncha kali kama sindano, ambavyo jicho haliwezi kuviona. Ndiyo sababu nduma haitafunwi mbichi, bali huchemshwa mpaka ikaiva kabisa.

Mboga hazilingani. Mchicha, ambao kwetu huitwa emboga, una oksaleti nyingi. Spinachi nayo ina nyingi, na hali kadhalika nderema, nduma na majani yake. Sukuma wiki na kabichi zina kidogo tu. Chai tunayochuma pia inayo, ingawa kikombe kimoja hakina nyingi kama bakuli la mchicha.

Oksaleti ina tabia moja ambayo yafaa kila mkulima aikumbuke: inayapenda sana madini ya kalisi, yale yaliyomo katika maziwa na katika mifupa. Zikikutana hushikana, zikawa kama changarawe laini isiyoyeyuka. Basi shauri lote liko katika mahali zinapokutana. Zikikutana tumboni, wakati wa kula, hutoka pamoja na choo na hakuna neno. Zisipokutana tumboni, sehemu ya oksaleti huingia katika damu, na mafigo huwa na kazi ya kuitoa kwa mkojo. Hapo ndani ya mafigo yaweza kukutana na kalisi, na mwenye bahati mbaya akapata mawe ya figo. Aliyewahi kuugua mawe hayo hahitaji kuelezwa uchungu wake.

Sasa tazameni hekima ya mama zetu wa Kisii. Saga, ile mboga chungu tuiitayo chinsaga, wao huichemsha sana, humwaga maji, kisha huitia maziwa na kuilaza mpaka kesho yake ndipo iliwe na ugali wa wimbi. Walifanya hivyo ili kuondoa uchungu. Hawakuwa na habari ya oksaleti, lakini njia hiyo hiyo ndiyo dawa yake: maji yanayomwagwa huondoka na sehemu ya oksaleti, na maziwa huishika ile iliyobaki. Mchicha nao ukipikwa kwa njia hiyo hauna la kumtisha mtu mwenye afya.

NJIA YA OKSALETI KWENDA KWENYE NEVA

Mtu atauliza: je, hao walioharibika neva kwa oksaleti waliharibikaje? Swali ni zuri, na lina majibu matatu.

Jibu la kwanza ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Wako watu wachache sana, mmoja hadi watatu katika kila watu milioni, ambao ini lao hutengeneza oksaleti nyingi kupita kiasi, hata wasipogusa mchicha. Wengi wao hupata mawe ya figo tena na tena, na baadaye mafigo yakashindwa kabisa. Mafigo yakishindwa, oksaleti haina mlango wa kutokea. Hapo hukaa katika mifupa, machoni, katika moyo, na katika neva za mikono na miguu. Huko ndiko madaktari walikoona neva zimeharibika. Basi hawa mafigo yao hushindwa kwanza, na neva hufuata.

Jibu la pili linatuhusu sisi wenye magari na matrekta. Maji ya rangi yanayotiwa katika rejeta ili injini isichemke mara nyingi huwa na kitu kiitwacho ethilini glikoli. Ni sumu, lakini ina ladha tamu. Mtu akiinywa, mwili wake huigeuza kuwa oksaleti. Katika muda wa siku moja hadi tatu mafigo yaweza kufa, na kama mgonjwa akinusurika, baada ya juma moja au mawili wengine hupatwa na ugonjwa wa neva za kichwa: uso hupooza, na kumeza au kusikia kukawa kwa taabu. Basi ninyi mnaoweka maji hayo katika chupa ya soda na kuyaacha chini ya kitanda au penye trekta, nawaomba leo hii myatoe. Mtoto haijui sumu, yeye huona chupa ya soda. Mbwa naye huyalamba kwa utamu. Yawekeni katika chombo chake chenye maandishi, mahali pa juu penye kufuli. Na mtoto akiyanywa, msingoje aumwe. Mkimbizeni hospitali saa ile ile pamoja na chupa yenyewe, kwa maana dawa ipo, lakini hufaa ikitolewa mapema.

Jibu la tatu ni dawa moja ya saratani ya utumbo mpana iitwayo oksaliplatini. Ndani yake imo oksaleti. Wagonjwa wengi wanaochomwa dawa hiyo huona vidole vikiwachonyota, hasa wakigusa maji baridi au chuma baridi. Huku kwetu nyanda za juu, penye asubuhi za baridi, mgonjwa wa namna hiyo yafaa avae glavu na apewe maji ya moto ya kunawa. Wataalamu walidhani ya kuwa oksaleti iliyomo katika dawa ndiyo inayonyakua kalisi ya neva. Kwa hiyo wakajaribu kuwatia wagonjwa kalisi na magnesi katika mshipa ili kuwakinga. Jaribio kubwa la wagonjwa 353, ambalo matokeo yake yalitangazwa Marekani mwaka 2014, lilionyesha ya kuwa kinga hiyo haikusaidia. Tazameni jambo hilo. Hata pale ambapo oksaleti imetiwa moja kwa moja katika damu, wataalamu hawajaweza kuitwika mzigo wote wa ganzi. Sisi tunapataje ujasiri wa kuutwika mchicha?

NG'OMBE ATUFUNDISHE

Wakulima wa skimu za makazi tunajua ng'ombe. Wazazi wetu walipopewa mashamba haya katika miaka ya 1960, walikuja kuwa watu wa ng'ombe wa maziwa na chai, na mpaka leo ndiyo kazi yetu. Basi tuchukue mfano zizini.

Ng'ombe mwenye maziwa mengi akizaa, mara nyingine hulala chini asiweze kuinuka. Shingo hupinda, masikio huwa baridi. Hiyo ndiyo homa ya maziwa, ingawa ng'ombe hana homa hata kidogo. Kalisi ya damu yake imekwenda katika maziwa kwa ghafula, na bila kalisi neva haziwezi kuamrisha nyama za mwili. Daktari wa mifugo humtia kalisi katika mshipa polepole, na mara nyingi ng'ombe huinuka muda si mrefu. Neva zake hazikufa, bali zilikosa kitu cha kufanyia kazi.

Oksaleti nayo yaweza kumwangusha ng'ombe namna hiyo hiyo. Majani ya setaria, ambayo asili yake ni huku kwetu Afrika, yana oksaleti nyingi, hasa yakiwa machanga na yametiwa mbolea. Jamii moja ya setaria iitwayo Nandi ilichukuliwa kutoka Kenya ikapandwa Australia. Mwaka 1970 watafiti wa huko waliandika habari za ng'ombe waliodhurika kwa oksaleti baada ya kulishwa majani ya setaria. Ng'ombe mwenye njaa, anayenyonyesha, aliyefunguliwa ghafula katika setaria changa, ndiye aliye hatarini. Aliyeizoea kidogo kidogo haoni shida, kwa sababu vijidudu vya tumboni mwake hujifunza kuivunja oksaleti. Kwa hiyo mkibadilisha malisho, changanyeni na majani mliyozoea kwa siku kadhaa, wala msimpeleke ng'ombe huko akiwa na njaa.

Lakini sikuutoa mfano huu kwa ajili ya malisho peke yake. Ng'ombe wetu akianguka asubuhi, kabla ya saa sita tumekwisha kumpigia simu daktari wa mifugo, tumetafuta fedha, na majirani wote wamefika. Baba mwenye shamba akipata ganzi ya miguu, anakaa mwaka mmoja, miwili, mitatu. Anajipaka mafuta, ananunua unga wa mizizi sokoni, anauliza kama ni mchicha. Je, ng'ombe anamzidi baba thamani?

GANZI INATOKA WAPI BASI

Duniani kote, sababu kubwa kuliko zote ya ganzi inayoanzia vidoleni na kupanda kama soksi ni ugonjwa wa kisukari. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu neva ndefu kwanza, nazo ni zile za miguu. Sukari hiyo hiyo huharibu na mafigo. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na ganzi na mafigo mabovu pamoja, na mchicha ukasingiziwa vyote viwili. Mafigo yakishindwa kwa sababu yoyote ile, takataka zinazobaki katika damu huharibu neva za miguu pia.

Sababu ya pili ni pombe. Mtu anayekunywa chang'aa kila siku na kula kidogo hukosa vitamini B1, na neva zake hunyauka. Sababu ya tatu ni kukosa vitamini B12, ambayo haimo katika mboga wala katika ugali. Imo katika maziwa, mayai, nyama na samaki. Mgonjwa wa kisukari anayemeza vidonge vya metformini kwa miaka mingi aweza kupungukiwa na B12. Asiache dawa, bali amwambie daktari apimwe. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi nayo yaweza kuleta ganzi, na ndiyo sababu hutolewa pamoja na vitamini B6. Vidonge vile vidogo vya B6 visitupwe. Virusi vya Ukimwi huweza kudhuru neva. Ukoma bado upo, nao huonekana kwa baka lisilosikia mguso, tena hupona kabisa kwa dawa inayotolewa bure. Hata dawa za kuua wadudu shambani, zile za jamii ya fosfeti, mtu akizinyunyiza bila kujikinga zaweza kudhuru neva.

Ndugu, hesabuni sababu hizo. Karibu zote hupimika, na nyingi zina dawa au njia ya kuzuia zisizidi. Hakuna hata moja inayoponywa kwa kung'oa mchicha.

Sisemi ya kuwa chakula hakiwezi kamwe kuharibu miguu ya mtu. Majirani zetu wa Tarime, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, walipatwa na jambo hilo mwaka 1985. Ukame uliwafanya watu kutegemea mihogo michungu, na kwa njaa na haraka haikutayarishwa ipasavyo. Sumu ya sianidi ikabaki, na watu wakapooza miguu kwa ghafula, wasirudi tena katika hali ya kwanza. Ugonjwa huo huitwa konzo. Si ganzi, kwa maana hukaza miguu kwa kuharibu njia za neva zishukazo kutoka ubongoni. Lakini una funzo kwetu. Muhogo mchungu ulikuwa ukiliwa miaka yote, kwa sababu watu walijua kuutayarisha. Maafa yalikuja matayarisho yalipoachwa. Mboga zetu ni salama kuliko muhogo ule mara nyingi, na hata hivyo usalama wake uko katika sufuria vilevile.

MAZIWA YOTE YASIENDE KWA MNUNUZI

Hapa nitasema neno ambalo huenda halitawapendeza wote.

Sisi ni watu wa maziwa. Lakini ingieni katika nyumba zetu nyingi asubuhi, baada ya madebe kuondoka. Watoto wanakunywa turungi. Jioni mboga inapikwa kwa mafuta na chumvi tu, maana maziwa ya jioni nayo yameuzwa. Tumewaachia watoto mchicha bila maziwa na chai bila maziwa. Kisha tunasikia habari za oksaleti, na badala ya kurudisha maziwa tunaondoa mchicha. Mtoto sasa hana kalisi ya maziwa, hana B12 ya maziwa, na hata ile damu na nuru ya macho inayotokana na mboga tumemnyang'anya.

Kikombe kimoja cha maziwa katika sufuria ya mboga kina kazi mbili. Kalisi yake huikamata oksaleti tumboni kabla haijaingia katika damu, na B12 yake hulisha zile neva tunazoziogopea. Hakuna unga wa sokoni unaofanya kazi zote mbili kwa bei hiyo. Najua ada ya shule inatoka katika maziwa, na mimi nalijua deni la dukani. Lakini mkulima anayeuza maziwa yote kisha akanunua vidonge vya kalisi mjini amefanya biashara ya hasara.

Hata chai inatupa ushahidi. Mwaka 2015 madaktari wa Marekani waliandika habari za mtu mmoja wa jimbo la Arkansas, mwenye umri wa miaka 56, ambaye mafigo yake yalishindwa kwa oksaleti. Alikuwa akinywa chai baridi glasi 16 kila siku. Chai yetu ya kuchemshwa na maziwa, vikombe viwili au vitatu kwa siku, haifanani na hiyo hata kidogo. Chai yenyewe haina hatia, na sisi tuliomo katika kazi yake hatuna sababu ya kuiogopa. Lililomdhuru mtu yule ni kupita kiasi.

YA KUFANYA NYUMBANI

Mchicha, spinachi na nderema zipikwe kwa maji mengi yanayochemka, kisha maji yamwagwe, na maziwa yatiwe. Sukuma wiki haihitaji kumwagwa maji, kwa sababu oksaleti yake ni kidogo, na ukimwaga unapoteza vitamini bure. Mboga zibadilishwe: leo mchicha, kesho saga, kesho kutwa kunde au sukuma wiki. Tunywe maji ya kutosha, hasa siku za kuchuma chai kwenye jua.

Tujihadhari na mitindo mipya pia. Kusaga spinachi mbichi na kunywa gilasi kubwa kubwa kila siku kwa kutafuta afya ni njia ya kuyachosha mafigo, na wako watu waliougua kwa kufanya hivyo. Vidonge vikubwa vya vitamini C navyo, vikimezwa vingi kila siku, hugeuka sehemu yake kuwa oksaleti mwilini.

Aliyewahi kupata mawe ya figo, au anayejua mafigo yake ni dhaifu, au anayesafishwa damu kwa mashine, yeye ana sheria yake. Amwulize daktari au mtaalamu wa lishe ni mboga gani ale na kiasi gani, na maziwa pia kiasi gani, asifuate mambo ya jirani wala asitosheke na makala hii.

Mwenye ganzi aende akapimwe. Aombe apimwe sukari, shinikizo la damu, mkojo na kazi ya mafigo. Si lazima aanzie mbali. Mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba yenye vifaa vya kupimia sukari na shinikizo la damu. Muulizeni wa kijiji chenu. Akiona dalili, atawatuma kituo cha afya, na kutoka huko mtu aweza kupelekwa hospitali kuu ya Nyamira au ya Kisii.

Wakati huo aitunze miguu yake. Kila jioni aitazame nyayo, au mjukuu amtazamie. Avipukute viatu vya mpira kabla ya kuvaa, maana mguu wenye ganzi hausikii mwiba wala kijiwe. Na jambo kubwa katika baridi yetu: asiote moto kwa kuweka miguu karibu na makaa. Wenye ganzi huungua bila kusikia, kidonda kikaoza, na mguu ukakatwa. Avae soksi nzito.

Mtu mmoja atasema: "Lakini mimi niliacha mchicha, na ganzi ikapungua." Sibishani naye. Ganzi ina tabia ya kupanda na kushuka, na anayeacha chakula kimoja kwa hofu mara nyingi huacha na vingine, kama soda na pombe, bila kuhesabu. Namwomba jambo moja tu: akapimwe. Kama sukari yake ni nzuri na mafigo yake ni mazima, atakuwa amepata raha ya moyo. Kama sivyo, atakuwa amewahi.

NENO KWA WATAALAMU WETU

Hofu hii ya mboga haikuota yenyewe. Kwa miaka mingi tumeambiwa "kuleni mboga", basi. Hatukuambiwa ipi ichemshwe na kumwagwa maji, ipi iliwe na maziwa, na nani asile nyingi. Mtu aliyepewa amri bila sababu huiacha amri siku atakaposikia neno jipya. Yafaa bwana shamba, daktari wa mifugo na mtaalamu wa lishe waje barazani siku moja, waseme kwa sauti moja juu ya shamba, zizi na sufuria, maana kwa mkulima vitu hivyo ni nyumba moja.

Na nina shauri la pili. Watu wa Borabu hukutana wapi kwa wingi, bila kuitwa? Kwenye kituo cha majani chai na kwenye kituo cha maziwa. Pale majani yetu hupimwa kila siku ya kuchuma, na maziwa yetu hupimwa kabla hayajapokewa. Mahali hapo hapo, siku moja kwa mwezi, na apimwe mwenye majani na mwenye maziwa. Ni kazi ya dakika chache na tone moja la damu.

Basi, mama uliyeng'oa mchicha, tafuta mbegu upande tena. Ubakize maziwa kidogo katika debe. Kisha mwambie mzee avae viatu mwende pamoja kituo cha afya, kesho asubuhi, kama vile ambavyo mngefanya kama ng'ombe ndiye aliyeshindwa kusimama.